Anga na Kizimba: Kusadikika Kinaposomwa Tena Nyalenda

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuuliza kitabu kinasema nini. Ni mara chache wanapouliza kitabu hicho kilisemaje kwa msomaji yule yule katika nyakati mbili za maisha yake. Hata hivyo yapo maandishi ambayo mtu hukutana nayo mara mbili: mara ya kwanza akiwa mtoto, akikifuata kisa mbio mbio ili ajue mwisho wake, mara ya pili akiwa mtu mzima, mwenye watoto, mwenye kodi ya nyumba na mwenye kumbukumbu. Baina ya mara hizo mbili kitabu hakibadiliki hata herufi moja. Kinachobadilika ni msomaji pamoja na mji anamokaa. Kwa sababu hiyo, tofauti iliyopo kati ya usomaji wa kwanza na wa pili ni ushahidi wa kihistoria, na inastahili kuchunguzwa kama unavyochunguzwa ushahidi mwingine wowote.

Insha hii inakusudia kuuchunguza ushahidi huo kwa kukitazama Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1951, na baada yake Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi iliyotolewa Nairobi mwaka 1995. Vitabu hivi vinatazamwa kwa jicho la msomaji aliyelelewa Nyalenda, mjini Kisumu. Msomaji huyo hapa ni mfano wa kizazi kizima, yaani watoto walioingia shule ya msingi baada ya Kiswahili kufanywa somo la lazima nchini Kenya, na ambao leo ni watu wazima.

Hoja itakayotetewa ni hii: mtoto hubaki na anga, na mtu mzima arudipo hukuta kizimba. Kusadikika hukumbukwa kama nchi inayoelea mawinguni, lakini kinaposomwa tena huonekana kuwa, tangu mwanzo hadi mwisho, ni habari ya kesi. Tena jambo hili si la kitabu kimoja tu. Katika Kiswahili njia ya kwenda angani imepitia mahakamani, na Nyalenda ni mahali pazuri pa kuelewa kwa nini imekuwa hivyo.

2. Suala la uainishaji

Kabla ya kuendelea hapana budi kuuliza kama Kusadikika kinaweza kuhesabiwa miongoni mwa riwaya za kisayansi. Kiswahili chenyewe hakijatulia juu ya istilahi moja ya utunzi wa aina hii. Wengine husema riwaya ya kisayansi, na wengine bunilizi ya kisayansi. Huko Ulaya wataalamu wengi huanza kuhesabu na Frankenstein ya Mary Shelley ya mwaka 1818. Jules Verne akafuata mwaka 1865 kwa kisa cha wasafiri wanaorushwa kuelekea mwezini kwa mzinga, na H. G. Wells akatoa kitabu chake juu ya watu wa kwanza kufika mwezini mwaka 1901.

Mwaka huo huo wa 1901, mwezi wa Desemba, reli iliyotoka Mombasa ilifika kwenye Ghuba ya Winam, mahali palipoitwa Port Florence na ambapo sasa ni Kisumu. Sadfa hii ina maana yake. Wakati Wells alipokuwa akibuni chombo cha kupasua anga, watu wa ufuo wa ziwa walikuwa wakikitazama chombo cha kweli kikiingia kwao kwa moshi na kishindo, kikiwa kimebeba askari, makarani na daftari za kodi. Kwa mwandishi wa London mashine ilikuwa ndoto ya siku zijazo. Kwa mwenyeji wa Winam mashine ilikuwa ni serikali iliyokwisha kuwasili. Si ajabu basi kwamba watunzi wa Afrika Mashariki hawakuianza safari yao ya kifikra kwa kuistaajabia mashine.

Katika Kusadikika hakuna mashine. Ikiwa kipimo ni mashine, kitabu hiki kinatoka nje ya kundi. Lakini kipimo kikiwa ni kule kuing'oa jamii nzima kutoka ardhini na kuipandikiza mahali palipojengwa kwa fikra, penye sheria zake na desturi zake, ili msomaji apate kuitazama jamii yake mwenyewe kwa mbali, basi Kusadikika ni jamaa wa karibu wa riwaya za kisayansi. Ukoo huu una babu anayejulikana. Jonathan Swift alitoa Gulliver's Travels mwaka 1726, na ndani yake mna kisiwa cha Laputa kielezacho angani na kuwatawala walio chini kwa kuwazibia jua. Safari za Gulliver zilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1932 kwa kazi ya Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, zikaenea mashuleni. Iko, hata hivyo, tofauti moja kubwa. Kisiwa cha Swift huwaonea walio chini yake. Nchi ya Shaaban Robert iko juu peke yake, na hakuna iliyemwonea ila raia wake yenyewe.

3. Nyalenda na lugha ya kitabu

Nyalenda iko kusini ya kitovu cha mji wa Kisumu, jirani na mtaa wa Milimani, na huteremka kuelekea mto Auji na mafunjo ya Dunga. Kwa mgawanyo wa sasa ina wadi mbili: Nyalenda A katika eneo bunge la Kisumu Mashariki, na Nyalenda B katika Kisumu ya Kati. Pamoja na Manyatta, Obunga na Bandani, ni mojawapo ya mitaa iliyouzunguka mji wa kikoloni kama mshipi. Wenye majumba ya mawe na bustani walikaa Milimani. Waliowapikia, waliowafulia na waliowalindia milango walirudi Nyalenda jioni.

Lugha ya nyumbani katika Nyalenda ni Kijaluo. Kiswahili kiliingia kutoka nje, na namna kilivyoingia ni sehemu ya historia ya usomaji tunaouzungumzia. Kilikuja na misafara ya wafanyabiashara waliofanya Mumias kituo chao. Kikaja na askari wa Kinubi ambao wazao wao wanakaa Kibos. Kikaja na mafundi na vibarua wa reli. Kikaja na karani, polisi na hakimu. Kiswahili cha soko la Kibuye kilikuwa cha maelewano na mzaha, lakini Kiswahili cha serikali kilikuja kimevaa sare. Mpaka leo sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai inaagiza kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kwa hiyo mtu wa Nyalenda anayeshtakiwa kwa kosa dogo, awe mchuuzi aliyekamatwa kando ya barabara au kijana aliyeokotwa katika msako wa usiku, ana uwezekano mkubwa wa kusomewa mashtaka yake kwa Kiswahili.

Kisha kikaja Kiswahili cha kitabu. Tume ya Mackay, iliyotoa ripoti yake mwaka 1981, ilipendekeza mfumo mpya wa elimu, na mfumo huo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani. Watoto wa Nyalenda wakajikuta wanapaswa kuimudu lugha ambayo mama zao waliitumia kwa kupatana bei na baba zao kwa kujibu maswali ya askari. Vitabu havikuwa vingi. Nakala moja ilizunguka kwa watu wengi, jalada likatoka, kurasa za mwisho zikapotea. Aliyekipata kitabu kwa usiku mmoja alikisoma kwa taa ya mafuta, na mara nyingi alikisoma kwa sauti ili wadogo zake wasikie. Ni katika hali kama hii kitabu cha nchi iliyo angani kiliweza kupendwa kupita kiasi: kilikuwa Kiswahili cha kwanza ambacho hakikumwagiza mtoto chochote.

4. Anga la mtoto

Mtoto anayesoma Kusadikika huchukua vitu vichache tu na kuviacha vingine vyote. Huchukua nchi inayoelea bila nguzo. Huchukua wajumbe sita wanaotumwa, wanne kwenda pande nne za dunia, mmoja kwenda mbinguni na mmoja kwenda ardhini, kila mmoja akipita katika hatari zake na kufika kwenye nchi isiyofanana na nyingine. Majina ya wajumbe hao, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, humkaa mdomoni kama majina ya wachezaji wa timu ya mpira. Hotuba ndefu zilizo baina ya safari moja na nyingine huzipita kama mtu anavyopita nyumba za watu usiku, bila kutazama ndani.

Mtoto wa Nyalenda hakupata taabu kuamini kwamba nchi inaweza kuwa angani. Nyumbani alikwisha sikia habari za Simbi, ziwa dogo karibu na Kendu Bay, ambalo wazee husimulia kuwa lilikuwa kijiji kilichozama kwa sababu wenyeji wake walimnyima hifadhi mwanamke mzee. Ikiwa kijiji kinaweza kwenda chini ya maji kwa sababu ya ukosefu wa wema, hapana ajabu kingine kikienda juu. Tena asubuhi nyingine mabilioni ya wadudu wa ziwani hupanda kutoka majini kama nguzo za moshi mweusi, zikasimama baina ya maji na mawingu. Atazamaye kutoka Dunga haoni wapi nguzo hizo zinaishia.

Anga la Kisumu lilikuwa pia na historia ya kweli, ingawa si watoto wengi walioambiwa. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari kutoka London mpaka Mwanza kupitia Kisumu, na sehemu ya mwisho ya njia hiyo ilipitiwa na ndege za majini zilizotua juu ya ziwa lenyewe. Katika miaka hiyo ya 1930 wavuvi wa Winam walizoea kuona chombo kikishuka kutoka mawinguni, kikikata maji kama mtumbwi, kisha kikitoa barua na wazungu. Kabla mwandishi yeyote wa Kiswahili hajaandika juu ya wajumbe wa angani, wajumbe wa angani walikuwa wamekwisha kufika Kisumu wakiwa na ratiba.

Ni lazima kusisitiza kwamba usomaji huu wa mtoto si usomaji mbovu. Mtoto hakukosea kuipenda nchi ile. Yeye alikielewa kitu ambacho mhakiki hukisahau kwa urahisi, nacho ni kwamba mwandishi angeweza kuiweka kesi yake mahali popote, lakini aliamua kuiweka juu, na uamuzi huo una ladha yake. Asiyeionja ladha hiyo kwanza hatajua baadaye kilichofichwa ndani yake.

5. Kizimba cha mtu mzima

Mtu mzima anaporudi kwenye kitabu hiki hushangazwa kwanza na udogo wa anga. Kurasa zinazoeleza mandhari ya nchi ni chache mno kuliko alivyokumbuka. Mahali pa mawingu amekuta baraza, mfalme, waziri aitwaye Majivuno na mshtakiwa aitwaye Karama. Kosa la Karama ni kutaka elimu ya sheria ifundishwe. Majivuno anamtakia kifo. Karama anapewa nafasi ya kujitetea, na utetezi wake ndio huo uliokuwa hadithi tamu ya utotoni: siku baada ya siku anawakumbusha wasikilizaji habari za wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta maarifa ya kuiendeleza nchi, na jinsi kila mmoja aliporejea na maarifa hayo alivyolipwa gereza. Safari zile, kumbe, ni vielelezo vilivyoletwa mahakamani. Mtoto alivisoma vielelezo akadhani ndivyo kitabu.

Hapo ndipo historia ya mtunzi inapopata uzito. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akafariki mwaka 1962, miezi michache tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kwanza katika idara ya forodha, kisha katika idara nyingine. Karani anaijua serikali kwa ndani: anajua kwamba taarifa njema huandikwa, hupokelewa, hupigwa muhuri na hufungiwa kabatini. Wahakiki wengi wamekisoma Kusadikika kama shutuma dhidi ya utawala wa kikoloni iliyopandishwa mawinguni ili isimdhuru mwenyewe, na usomaji huo una nguvu. Karani asingeweza kuishtaki serikali ya Tanganyika. Aliweza kuishtaki serikali ya nchi isiyokuwapo.

Lakini mtu mzima wa Nyalenda ana sababu zake za ziada za kukitazama kizimba hicho. Mwaka 1969 ulikuwa na anga na risasi pamoja. Tarehe 5 Julai Tom Mboya aliuawa Nairobi. Tarehe 20 Julai Wamarekani wawili walikanyaga mwezi. Tarehe 25 Oktoba Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kuifungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovyeti, taifa lililompeleka mtu wa kwanza katika anga za juu mwaka 1961. Ghasia zikazuka, walinzi wakafyatua risasi, na watu wakafa. Wenyeji wanaiita hospitali hiyo Russia mpaka leo. Siku chache baadaye chama cha KPU kilipigwa marufuku, na kiongozi wake, Jaramogi Oginga Odinga, akawekwa kizuizini.

Neno kizuizini linahitaji kuangaliwa kwa makini. Sheria ya usalama wa umma ya mwaka 1966 iliiruhusu serikali ya Kenya kumfunga mtu bila kumfikisha mbele ya hakimu. Aliyefungwa kwa sheria hiyo hakusomewa mashtaka, hakuita shahidi, hakupewa siku hata moja ya kusema. Kwa maneno mengine, hakupewa kizimba. Msomaji aliyekulia katika kumbukumbu hii hugundua jambo ambalo halimo katika maswali ya mtihani: kizimba cha Karama ni neema. Mfalme wa Kusadikika ni dhalimu, lakini anakaa kitini na kusikiliza mpaka mwisho. Udhalimu wa nchi ya angani una subira ambayo nchi za ardhini hazikuwa nayo.

Jambo hilo lilidhihirika tena karibu zaidi na nyumbani. Mwezi Agosti 2017, katika siku zilizofuata uchaguzi mkuu, polisi waliingia Nyalenda usiku, na mtoto mchanga akauawa. Safari hii kizimba kilitafutwa. Uchunguzi ulifanywa mbele ya hakimu mjini Kisumu, mashahidi wakasikilizwa, na uamuzi uliotolewa Februari 2019 ukasema kwamba maofisa wa polisi wanapaswa kuwajibika. Msomaji wa Nyalenda asomapo habari ya mtu anayehatarisha shingo yake kwa sababu tu ametaka watu wafundishwe sheria, hahitaji kuelezwa kwamba hilo ni jambo la maana. Wazazi wake walilihitaji, majirani zake wamelihitaji.

Usomaji wa pili huonyesha pia upungufu. Katika baraza la Kusadikika wanaosema ni wanaume. Sauti ya mwanamke haisikiki pale, na msomaji aliyelelewa na mama mchuuzi wa samaki hawezi kuacha kuliona pengo hilo. Tena haki yenyewe hupatikana kwa kuugusa moyo wa mtawala. Karama anashinda, wafungwa wanafunguliwa, lakini kiti cha mfalme kinabaki pale pale. Kizazi cha wahakiki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, akiwemo Euphrase Kezilahabi aliyeandika tasnifu yake ya uzamili juu ya riwaya za Shaaban Robert, kiliyajadili sana maadili na falsafa ya mtunzi huyu, na wako waliomlaumu kwa kutegemea mno wema wa mtu mmoja mmoja. Lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo haina budi kupimwa pamoja na hali ya karani wa mwaka 1951, ambaye hata kule kumtaja mfalme asiye na haki kulikuwa ni kujongelea moto.

6. Kutoka Kusadikika hadi Walenisi

Miaka 44 baada ya Kusadikika ilitoka Walenisi. Mtunzi wake, Katama Mkangi, alikuwa Mmijikenda wa pwani ya Kenya, mwanasosholojia na mwalimu wa chuo kikuu, aliyekwisha andika Ukiwa mwaka 1975 na Mafuta mwaka 1984. Mwaka 1986, wakati wa msako dhidi ya Mwakenya, aliwekwa kizuizini. Mwaka 1997 aligombea urais, na mwaka 2004 akafariki. Riwaya hii basi iliandikwa na mtu aliyenyimwa kizimba.

Katika Walenisi mashine imefika. Dzombo anahukumiwa kifo na watawala wa nchi yake, na hukumu hiyo hutekelezwa kwa kumtia katika chombo na kumrusha angani. Asife, akafika kwenye sayari ya Walenisi, kwa jamii inayoishi kwa usawa. Kwa mtoto msomaji hiki ni kisa cha roketi, na roketi haikuwa kitu kigeni kabisa nchini. Huko huko pwani, karibu na Ngomeni kaskazini ya Malindi, Waitalia walikuwa na jukwaa la San Marco ambapo roketi zilirushwa kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, ya kwanza ya aina yake, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya uhuru wa Kenya. Neno Uhuru lilizunguka dunia kwa juu, wakati katika nchi lilikotoka wapo waliokuwa kizuizini.

Mtu mzima anapoviweka vitabu hivi viwili pamoja huona jinsi uhusiano wa anga na kizimba ulivyogeuka. Katika kitabu cha 1951 anga ni mahali ambapo kesi husikilizwa. Katika riwaya ya 1995 kesi huishia ardhini, na anga ni adhabu. Karama alisema, akasikilizwa, akaachiliwa. Dzombo alitupwa. Mtunzi wa kwanza aliamini kwamba mtawala akiambiwa kweli kwa ufasaha anaweza kugeuka. Mtunzi wa pili hakumtazamia mtawala huyo tena, akaenda kuitafuta haki katika sayari nyingine. Kipindi cha miaka 44 kati ya vitabu hivi kinajumuisha uhuru, sheria ya 1966, mwaka 1969, jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, misako ya 1986 na kurejeshwa kwa vyama vingi mwishoni mwa 1991. Mabadiliko ya fani hayawezi kuelezwa bila mambo hayo.

Badiliko hilo limo hata katika sarufi ya majina. Kusadikika ni kitenzi katika umbo la kutaja tendo: mzizi wa -sadiki, wenye asili ya Kiarabu, umetiwa kiambishi -ik- cha kauli ya kutendeka. Kauli hii ina tabia inayojulikana na kila msemaji wa Kiswahili: humficha mtenda. Mtoto aliyevunja kikombe husema kikombe kimevunjika. Nchi iitwayo Kusadikika inaweza kusadikiwa, lakini jina halisemi na nani. Ndivyo pia katika Kufikirika, kitabu chake kingine. Hiyo ni sarufi ya mtu anayejihadhari. Kwa upande wa pili, Walenisi ni sentensi nzima iliyofumbatwa katika neno moja: wale ni sisi. Inaanza na kionyeshi cha mbali, inapita katika kitenzi ni, na inafika kwenye nafsi ya kwanza ya wingi. Msemaji wa jina hilo amesafiri kutoka kwa watu wa mbali mpaka kwake mwenyewe kabla hajamaliza kulitamka. Mtenda aliyefichwa mwaka 1951 amejitokeza mwaka 1995, na jina lake ni sisi.

Watunzi waliofuata wameiendeleza njia hii kwa namna zao. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed ya 2001 na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila ya 2002 zinamsafirisha mhusika katika dunia zisizofuata kanuni za kawaida, na katika safari hizo swali la nani anawajibika kwa maafa ya jamii haliachwi.

7. Hitimisho

Insha hii imejaribu kuonyesha kwamba usomaji wa utotoni na usomaji wa utu uzima si usomaji wa uongo na wa kweli. Ni sehemu mbili za historia ya kitabu. Mtoto wa Nyalenda aliitunza anga. Mtu mzima wa Nyalenda, aliyeona msako na kusikia habari za kizuizini, akakitambua kizimba kilichokuwa humo siku zote.

Jambo hili lina maana kwa walimu. Kwa muda mrefu mwanafunzi amekuwa akitakiwa kuorodhesha dhamira na maudhui kabla hajapata nafasi ya kuipenda hadithi. Anafundishwa kwamba Majivuno ni ukoloni na Karama ni mwanamapinduzi, anaandika hivyo katika mtihani, kisha anakifunga kitabu na hakirudii tena. Msomaji aliyenyimwa anga utotoni hana mahali pa kurudi akiwa mtu mzima, na asiporudi hatakiona kizimba kwa macho yake mwenyewe. Ni heri mwalimu wa darasa la chini awaachie watoto nchi yao mawinguni, na kesi ingoje.

Mtoto akisomewa Kusadikika leo katika chumba kimoja cha Nyalenda huuliza swali lile lile lililoulizwa na mzazi wake: mbona watu wale hawaanguki? Mzazi aliyekisoma kitabu mara mbili anajua kwamba Karama aliliuliza swali hilo hilo mbele ya mfalme, kwa maneno mengine, alipotaka watu wafundishwe sheria. Lakini jibu hilo ni refu, na taa ina mafuta kidogo. Inatosha kwa usiku wa kwanza kusema kwamba hawajaanguka bado, na kuendelea kusoma.